Posa na Sufuri

Anayesema mapenzi hayana hesabu hajawahi kukaa sebuleni kwa Mzee Mizani. Mzee huyo alikuwa mkaguzi wa mizani za madukani. Kazi yake ilikuwa kuingia dukani bila taarifa, kuweka mawe yake ya shaba juu ya mizani ya muuza sukari, kisha kuinama na kuangalia mshale unasema nini. Mshale ukidanganya, mizani inaondoka naye, na mwenye duka anabaki akijieleza kwa ukuta. Miaka yote hiyo ya kutoamini midomo ya wenye maduka ilimfanya asiamini mdomo wa mtu yeyote, hata wa mkewe akisema chai imeiva.

Jumapili hiyo alasiri aliketi kwenye kiti chake, miwani puani, simu mkononi, akiwatazama wageni wawili waliokuja kumposa binti yake mkubwa.

Binti mwenyewe alikuwa karibu na mlango wa jikoni, ubavuni kwa mama yake, mikono ameibana magotini. Ofisini walimwita Umeme, kwa sababu akiandika programu vidole vyake vilikuwa havishikiki kwa macho, na jina likamfuata hadi nyumbani. Leo Umeme alikuwa amezimika kabisa. Alikuwa amempenda mwanaume aliyekaa kwenye kochi lile kwa miaka miwili, na maisha yao yote yalikuwa yanangoja neno moja la baba.

Mwanaume huyo alikuwa mwalimu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Bondeni. Wanafunzi wake walimpa jina la Taratibu, maana ndilo neno alilowaambia kila walipokimbilia kubonyeza kabla ya kufikiri. Alikuwa na mabega mapana na sauti ya chini, na alikuwa na namna ya kumtazama Umeme iliyomfanya asahau alichokuwa anasema. Pembeni yake alikaa baba yake mkubwa, seremala, ambaye ndiye aliyemlea, na ambaye tangu aingie alikuwa akipapasa ukingo wa meza ya watu kuona kama imepigwa randa vizuri.

"Mzee mwenzangu," seremala alianza, "sisi hatuna maneno mengi. Vijana wamependana, nasi tumekuja kuomba undugu. Ningependa tungekwenda mwendo wa pole, lakini kijana anahama. Amepata kazi mji wa mbali, hospitalini, ya kutunza kompyuta zao. Kesho asubuhi anaondoka. Hataki kuondoka hivihivi. Anataka aondoke akijua ana mwenziwe atakayemfuata."

"Anahama kwa nini?" aliuliza Mzee Mizani. "Si ni mwalimu wa chuo kikuu huyu?"

"Mkataba wangu haukuongezwa, baba," Taratibu alijibu mwenyewe. "Idara ya kompyuta haikupata wanafunzi wapya mwaka huu. Waliojitokeza walikuwa wachache mno, wakahamishiwa vyuo vingine."

"Watoto wote wa siku hizi wanataka kusoma kompyuta, ila kwenu tu ndiyo hawataki?"

"Ndivyo ilivyokuwa, baba."

Mzee Mizani alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua tayari. "Kitinda!" aliita. "Hebu njoo hapa."

Mtoto wa mwisho akatokea ukumbini, ambako bila shaka sikio lake lilikuwa limeganda mlangoni. Alikuwa amemaliza shule, naye alitaka shahada ya kompyuta kama dada yake. Kwa wiki kadhaa nyumba nzima ilikuwa haina mazungumzo mengine ila vyuo: kipi kina walimu, kipi kina maabara, kipi ukitoka unapata kazi na kipi ukitoka unarudi kukaa kwa mama. Mzee alitaka Chuo Kikongwe, kwa sababu ni cha zamani. Mama alitaka kile kipya cha majengo ya vioo, kwa sababu kiko karibu. Kitinda peke yake ndiye aliyekuwa akisema Bondeni, kwa sababu aliwahi kwenda na dada yake akaona wanafunzi wa Taratibu wanatengeneza vitu vinavyofanya kazi.

"Mwanangu huyu anatafuta chuo," Mzee Mizani aliwaambia wageni. "Mimi kompyuta siijui, ila kupima najua. Kuna tovuti inayolinganisha vyuo. Inasema chuo gani wahitimu wake wanapata kazi na chuo gani hawapati. Tena dada yake anafanya kazi kwenye kampuni hiyohiyo, ndiyo maana mimi naiamini mara mbili."

Umeme alitaka kusema, "Baba, acha," lakini baba alikuwa ameshaanza kusoma.

"Chuo Kikongwe," mzee alisoma, "katika kila wahitimu mia wa kompyuta, themanini na mmoja wana kazi ndani ya mwaka. Cha Vioo, sabini na wanne. Bondeni..." Aliinyoosha simu kwa mkwe mtarajiwa. "Soma mwenyewe, kijana."

Taratibu hakuitazama simu. "Naijua, baba."

"Nimesema soma."

"Sufuri," alisema Taratibu.

Neno lile lilianguka katikati ya vikombe vya chai na hakuna aliyeinama kuliokota. Seremala ndiye aliyecheka, kicheko cha mtu asiyeamini. "Sufuri? Haiwezekani. Huyu mwenyewe alisoma hapohapo, akaajiriwa hapohapo. Hata yeye hawakumhesabu?"

"Alikuwa na kazi," Mzee Mizani alimjibu bila kupandisha sauti. "Sasa hivi si amesema mwenyewe imekwisha?"

"Baba Kitinda," mama aliingilia, "hawa ni wageni."

"Ni wageni, na nimewapa chai. Binti ni jambo jingine." Mzee alivua miwani. "Nisikilize, kijana. Huna ubaya. Una adabu, na mwanangu anakupenda, macho ninayo. Lakini nimwachie aende mji asioujua na mtu ambaye chuo chake hakijampatia binadamu hata mmoja riziki? Kazi ya leo ikikatika kama ya jana, mtakula nini? Mtakula mapenzi? Mizani haina shemeji. Sikatai kwa chuki. Nakataa kwa sababu nimepima."

Hapo ndipo Taratibu alipogeuza uso akamtazama Umeme. Hakuonyesha kuomba msaada. Alimtazama kwa utulivu, kwa upendo ambao hata aibu ile haikuufuta, kama anavyomngoja mwanafunzi amalize kufikiri. Umeme aliona kola ya shati alilolinyoosha kwa ajili ya siku hii. Na Mungu amsamehe, yeye aliyempenda kuliko pumzi zake, aliinamisha macho akatazama zulia.

Taratibu alisimama. "Nashukuru kwa kutupokea, baba. Mama, ahsante kwa chai." Alipompita Umeme mlangoni alisema kwa sauti ya chini, "Nitakuwa chuoni, nafunga vitu vyangu." Seremala akamfuata nje, na mlango ukafungwa.

Umeme hakulia mbele ya wazazi wake. Alikwenda chumbani, akaketi kitandani, akavuta laptopu yake. Kitu kimoja kilikuwa kinamkereketa tangu seremala acheke: *hata yeye hawakumhesabu?* Chuo kibovu kinaweza kupata kumi katika mia, kinaweza kupata watano. Lakini hata chuo kibovu kuliko vyote duniani hakikosi mhitimu mmoja mwenye mjomba mwenye duka. Sufuri kavu haipatikani kwa kuhesabu watu.

Kitinda alikuwa amesimama kizingitini. "Dada, sufuri maana yake hakuna hata mmoja?"

"Ndiyo."

"Mbona yule dada wa benki, yule mwenye miwani, alisoma Bondeni? Na yule anayetengeneza mashine za tiketi?"

"Nyamaza kidogo, mpenzi wangu."

Alifungua kule ndani ambako wateja wa tovuti hawafiki, akatafuta takwimu ambazo Bondeni walituma. Hakukuta themanini, hakukuta kumi, hakukuta sufuri. Alikuta patupu. Chuo hakikujibu. Kisha akafungua programu yenyewe, akashuka mistari yake aliyoijua kama anavyozijua nywele zake, na akauona mstari mmoja mfupi uliosema: pasipo na jibu, weka sufuri.

Aliuandika yeye. Aliikumbuka wiki ile. Mkurugenzi wake alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake tangu asubuhi, anataka tovuti ianze kazi kabla wanafunzi hawajaanza kuchagua vyuo, na programu ilikuwa inagoma kila ikikuta mahali patupu. Umeme akaidanganya kwa sufuri ili iendelee mbele, akajiambia ataurudia mstari ule kesho. Kesho ikaja na kazi zake, na keshokutwa na zake. Haraka haraka haina baraka, kila mtoto huambiwa, naye aliambiwa.

"Kwa hiyo hawakusema sufuri," Kitinda alisema polepole, akisoma juu ya bega lake. "Hawakusema kitu."

"Hawakusema kitu."

"Wewe ndiye uliyewasemea."

Umeme alijifunika uso kwa viganja. Alitamani dari limwangukie. Idara nzima ilikuwa imekauka kwa ajili ya mstari ule. Wazazi kama baba yake walikuwa wameshika simu zao sebuleni mwao, wameona sufuri, wamewaambia watoto wao kule usikanyage. Na leo sufuri ileile ilikuwa imekuja kukaa kwenye posa yake. Alinyanyuka akaenda sebuleni na laptopu mikononi.

"Baba, namba uliyoisoma ni ya uongo."

"Tovuti imekosea?"

"Mimi ndiye niliyekosea. Chuo hakikuleta takwimu. Mimi nikaandika kwamba asiyeleta apewe sufuri. Hakuna aliyehesabu wahitimu wa Bondeni, baba. Hakuna anayejua ni wangapi wana kazi."

Mzee Mizani aliiweka simu yake mezani, kioo chini. Mama aliacha kukusanya vikombe.

"Mizani mbovu huwa naifanyaje?" mzee aliuliza mwishowe.

"Unaichukua, baba."

"Tangu lini watu wanapimiwa na hii?"

"Tangu mwaka jana."

"Wazazi kama mimi."

"Kama wewe, baba."

"Na mimi nimemtoa mtoto wa watu nyumbani kwangu kichwa chini, mbele ya aliyemlea, kwa jiwe ambalo halipo." Sauti yake ilikwaruza. Umeme hakuwahi kumwona baba yake akiona haya, na ilimuuma kuliko kama angemfokea. "Iondoe. Hapa hapa, nikiona."

Akaiondoa. Hakumpigia mtu kuomba ruhusa. Aliuvunja mstari wake, na penye sufuri ya Bondeni pakatokea maneno matatu: *Takwimu bado hatuna.* Zilipita dakika chache tu simu ikalia. Alikuwa mkurugenzi.

"Nani ameigusa tovuti?"

"Mimi. Bondeni na vyuo vingine vilivyokaa kimya tuliviandikia sufuri, na si kweli. Inabidi tutangaze tulikosea."

"Tutangaze?" Mkurugenzi alicheka kwa hasira. "Umeme, kesho njoo na kitambulisho na funguo za ofisi. Uache mapokezi."

Alijua maana yake. Siku nyingine angelia hadi macho yavimbe, lakini leo moyo wake haukuwa na nafasi ya msiba wa pili.

"Mfuate," baba alisema. Alikuwa amesikia kila kitu. "Mwambie nimekubali. Mwambie arudi na mzee wake, nitaomba radhi mbele yao wote wawili. Nenda."

"Baba..."

"Nenda, mwanangu, hotuba utamalizia ukirudi," mama alimsukuma. "Vaa viatu kwanza!"

Alikimbia. Alikata njia ya sokoni, akapita nyuma ya gereji, akavuka barabara bila kutazama hadi dereva mmoja akamtukania ukoo. Njiani alikuwa anacheka na kulia. Baba amekubali! Angefika, angemrukia shingoni, angemwambia yote, na yeye Taratibu angesema neno lake lilelile, taratibu, Umeme wangu, taratibu, halafu wangeondoka wote kesho. Alikwishajiona wamekaa viti vya pamoja, mabega yamegusana, mji unabaki nyuma.

Maabara ya kompyuta ya Bondeni ilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa korido. Milango ilikuwa wazi. Mashine zilikuwa zimepangwa safu safu, za zamani, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye jina ililopewa na wanafunzi, maana mashine kongwe ina tabia zake na lazima ujue unazungumza na nani. Taratibu alikuwa amekunja mikono ya shati, anazungusha waya kwenye kiwiko chake na kuuweka ndani ya sanduku.

"Umekuja," alisema, na uso wake ukalainika.

Umeme alikuwa amepanga maneno mengi, yakatoka ya mwisho kwanza. "Baba amekubali!"

Waya ulimponyoka. Kwa kitambo kifupi Umeme aliuona uso aliokuwa akiuota, uso wa mwanaume aliyepewa kila alichoomba. Alimfuata, akamshika mabega, naye Taratibu akamkumbatia kwa nguvu hadi visigino vyake vikaacha sakafu. Harufu ya sabuni yake, mapigo ya moyo wake, vyote vilikuwa vya Umeme. Kisha akamweka chini, akamtazama.

"Amekubali kwa nini?"

"Kwa sababu sufuri haikuwa kweli. Ilikuwa mahali patupu, na aliyeandika..."

"Aliyeandika ni wewe. Najua."

Umeme alirudi nyuma hatua. "Unajua?"

"Kazi ya kukusanya takwimu za wahitimu nilipewa mimi. Nikawa nawapigia mmoja mmoja. Wengine wamebadili namba, wengine nilimpata mama, mama akanituma kwa shangazi. Vyuo vingine havikujisumbua. Aliyeuza vocha barabarani wamemwandika ameajiriwa. Mimi sikutaka kukisia. Siku ya mwisho ikafika sijamaliza, nikaacha wazi. Nilidhani mtu akiona pako wazi atauliza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza. Siku moja tunakula mchana, pale kwenye benchi chini. Nikakuuliza, chuo kisicholeta takwimu mnakifanyaje? Unakumbuka ulichonijibu?"

Alikumbuka. Alitamani asikumbuke. "Nilisema chuo kinachonyamaza kina la kuficha."

"Ukacheka, ukanichotea chakula kwenye sahani yako. Nikasema moyoni, nikiendelea hapa atadhani nampenda kwa ajili ya namba. Nikanyamaza."

"Nimekosa," Umeme alisema, machozi yakimtoka bila kizuizi. "Nimekosa, nimekosa. Nimeiondoa mbele ya baba. Mkurugenzi amenifukuza, kesho narudisha funguo. Sijali! Sina kazi, wewe huna chuo, tumekuwa sawa. Tuondoke wote. Nakwenda kufunga nguo sasa hivi. Nitafua, nitapika, nitasafisha hizo kompyuta za hospitali kwa kitambaa, usiniache tu."

Taratibu alimshika mikono yote miwili. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la waya. "Nataka kukuuliza kitu kimoja," alisema. "Ukinijibu, nijibu kweli. Kabla ya leo, uliwahi kuiona Bondeni kwenye tovuti yenu?"

Umeme alikuwa na nafasi ya kudanganya. Neno moja tu, *hapana*, na mwanaume huyu angekuwa wake, maana macho yake yalikuwa yanamsihi aliseme. Lakini leo alikuwa ameona uongo mdogo unavyozaa.

"Niliiona ina rangi nyekundu, ile ya vyuo vya chini kabisa. Mwaka jana."

"Ukafikiri nini?"

"Sikuifungua. Niliipita haraka."

"Ukafikiri nini, Umeme?"

"Nilifikiri ni kweli." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilifikiri chuo chenu ni dhaifu, wanafunzi hawapati kazi. Nikajiambia sitakutajia, nisikuumize. Nilikupenda hivyohivyo."

"Hivyohivyo," Taratibu alirudia.

Akaiachia mikono yake. Hakuitupa, aliiachia kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha.

"Baba yako hanijui," alisema. "Akiamini namba, simlaumu, ndicho alichokuwa nacho mkononi. Wewe umekaa kwenye kiti kile pale. Umewaona wanafunzi wangu wakiandika programu ya foleni ya zahanati, ikakwama, wakaiandika upya. Yule kijana mwembamba aliyeajiriwa na kampuni ya simu, ni nani aliyekwenda naye dukani kumchagulia shati la siku ya kwanza kazini?"

Umeme aliziba mdomo.

"Ni wewe. Ulimfunga vifungo kwa mkono wako, ukamwambia anapendeza. Halafu ukarudi ofisini, ukaona nyekundu, ukaamini nyekundu. Mwaka mzima nilikuwa nadhani unanitazama kwa mapenzi. Kumbe humo ndani kulikuwa na huruma."

"Yalikuwa mapenzi! Yalikuwa mapenzi yote!"

"Naamini. Lakini mimi sitaki kupendwa hivyohivyo."

"Nitukane basi! Kasirika! Mtu akikosa anafokewa, hafanyiwi hivi!"

"Ningekuwa na hasira ningekaa ipite, halafu ningekuoa. Sina hasira." Macho yake yalikuwa mekundu. "Naogopa. Siku moja kitu kingine kitasema neno juu yangu. Mashine, au jirani, au karatasi ya daktari. Na mimi nitakuwa nimelala pembeni yako, najiuliza umeshaamini au bado. Siwezi kulala hivyo, Umeme. Nimejaribu tangu alasiri, tangu ulipotazama zulia. Siwezi."

Umeme alimlilia. Alimshika shati, akamwambia atasubiri mwaka, atasubiri miwili, atamwandikia kila siku. Taratibu alimpangusa machozi kwa kiganja na kumwachia alama ya vumbi shavuni, akambusu kwenye paji la uso. Kisha akafunga sanduku, akalibeba begani, akatoka. Umeme alisikia hatua zake koridoni, zilezile za pole, na kila hatua alidhani ndiyo atakayogeukia. Zikashuka ngazi. Hazikusikika tena.

Simu yake ikaita. Alikuwa baba, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na vishindo vya mama akipanga upya viti vya sebuleni.

"Umempata?"

"Nimempata, baba."

"Umemwambia nimekubali? Umemwambia nitamwomba radhi mimi mwenyewe?"

"Nimemwambia."

"Sasa mbona unasema hivyo? Mama yako ameshatia chai nyingine. Mwambie awahi, mzee wake nimemfuata kule njiani, ninaye hapa, tumeshapatana."

Umeme aliegemea meza ya mashine ya kwanza, kando ya dirisha. Chini, uani, Taratibu alikuwa anavuka kuelekea lango kuu, sanduku begani, na hakuwa anatazama juu.

"Hakuna wa kumwambia awahi, baba," alisema. "Amekataa yeye."